Mwongozo: kuchagua risasi zisizo korosivu kwa bunduki za zamani za jeshi

Mosin-Nagant, Mauser, Lee-Enfield, SKS, M1 Garand, hizi bunduki zimepita vita, zimekaa maghalani miaka na miaka zimepakwa grisi mwili mzima na bado zinapiga vizuri tu, afu zinakuja kuharibika ndani ya wiki moja kisa risasi korosivu, yaani zile zinazoacha chumvi ya kuleta kutu ndani ya mtutu. Mtu kanunua kopo la risasi za stoku ya jeshi, kapiga Jumamosi kafurahi, jioni kapitisha kitambaa chenye mafuta mara mbili akaona imetosha, Jumamosi inayofuata anachungulia ndani ya mtutu anakuta wekundu wa kutu umejaa kwenye mifereji. Mtutu wa 1943 kiwanda hakitengenezi tena, ukishaliwa vishimo ndo imetoka hiyo. Mimi inaniuma sana kuona bunduki ya namna hiyo inakufa kwa kitu kinachozuilika, kwa hiyo nimeweka hapa hatua zote ninazofuata kuchagua risasi, na nini cha kufanya pale ambapo huna uhakika.

Neno moja kabla hatujaanza. Haya ni kwa mwenye bunduki halali na kibali chake, na sheria za risasi zinatofautiana nchi hadi nchi, hasa kwenye risasi za kutoboa chuma na za kuwaka moto, kwa hiyo angalia za kwako kabla hujaagiza chochote.

Kutu inatoka wapi hasa

Wengi wanadhani ni baruti. Siyo baruti, ni praima, kile kidude kidogo cha mviringo kilichopo kitakoni mwa ganda, pini ikikigonga kinatoa cheche inayowasha baruti. Praima za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu ndani yake, na ikishaungua inabaki kloridi ya potasiamu ambayo ni chumvi, ndugu wa chumvi ya mezani kabisa. Inatawanyika ndani ya mtutu, usoni mwa bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), kwenye tundu la gesi kama bunduki inajiendesha kwa gesi ya risasi, na ikitulia hapo inavuta unyevu wa hewani na chuma kinaanza kuoza.

Enzi za baruti nyeusi tatizo halikuonekana sana kwa sababu ile baruti ilikuwa inaacha masizi mengi mno, chumvi inapotelea humo na watu walikuwa wanaosha mitutu kwa maji kama kawaida yao. Ilipokuja baruti isiyo na moshi, Wafaransa walianza nayo na bunduki ya Lebel mwaka 1886, masizi yakapungua, watu wakaacha maji wakahamia kwenye mafuta, na mitutu ikaanza kutu kwa kasi ya ajabu. Miaka ikapita watu wanalaumu asidi ya baruti mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920 utafiti wa Marekani ukaonyesha wazi kwamba ni ile chumvi ya praima.

Sasa hapa kuna jambo la kushika kweli kweli: chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Unaweza ukapaka mafuta ya bunduki lita nzima, chumvi inabaki pale pale chini ya mafuta inaendelea na kazi yake. Inayeyuka kwenye maji, na inayeyuka vizuri sana, mililita 100 za maji ya kawaida zinayeyusha gramu 34 hivi za kloridi ya potasiamu, yaani maji kikombe kimoja yanabeba chumvi nyingi kuliko bunduki yako itakayozalisha siku nzima.

Praima za kisasa zina kemikali nyingine, stifneti ya risasi (hapa risasi ile madini), haziachi chumvi hiyo. Wajerumani na Wamarekani walishaanza kuziuza kwa raia miaka ya 1920 lakini majeshi yaligoma kuhama haraka, kwa sababu praima ya klorati inakaa ghalani miongo bila kuharibika na inawaka hata kwenye baridi kali, na jeshini askari ataamriwa tu asafishe. Ndo maana ukienda sokoni leo risasi ya raia ya 1960 inaweza kuwa salama na ya jeshi ya 1978 ikawa ya chumvi tupu. Mwaka peke yake haukuambii kitu.

Hatua ya 1: ijue bunduki yako kabla ya risasi

Hii inarukwa sana, mtu anatafuta risasi isiyoleta kutu anaipata, kumbe siyo ya bunduki yake. Isiyo korosivu haimaanishi inafaa.

Soma alama kwenye mtutu na kwenye mwili wa bunduki, usiamini jina la mtaani. Nyingi zilibadilishwa kaliba, yaani kipimo cha risasi, baadaye, kuna Mauser za Hispania zilizogeuzwa kuwa 7.62, kuna Lee-Enfield za kiwanda cha Ishapore India zilizotengenezwa moja kwa moja kwa 7.62 NATO na kwa mbali zinafanana na ndugu zao wa .303. Ukikuta Mauser ya zamani ya 7.62 mimi siishauri ilishwe risasi za .308 za kiraia zenye nguvu kubwa mpaka fundi wa silaha aiangalie.

Halafu ile ya Kijerumani 8x57. Hii ni ya kuumiza mtu, soma taratibu. Bunduki za mwanzo kabisa, Gewehr 88 na jamaa zake, zilikuwa na mtutu wa kupokea kichwa (kile kipande cha risasi kinachoruka) cha milimita 8.07, mwaka 1905 ndo Wajerumani wakawa wameshahamia kichwa cha milimita 8.2 na herufi S ikaongezwa kwenye jina, ndo unaona 8x57 JS au IS. Ukiweka JS yenye nguvu kamili kwenye mtutu mwembamba wa zamani presha inapanda vibaya. Kwa sababu hiyohiyo viwanda vya Marekani vinatengeneza 8mm Mauser dhaifu makusudi, na viwanda vya Ulaya vinatengeneza za nguvu kamili, kwa hiyo maboksi mawili yenye jina karibu sawa yanaweza kupiga tofauti kabisa. Mauser K98k ya miaka ya 1930 na 40 haina shida na JS, Gewehr 88 ipeleke kwa fundi aupime mtutu kwanza.

Ukishamaliza hapo, umbali wa bolti na kitako cha ganda upimwe, hasa kama namba ya bolti na ya bunduki hazilingani. Fundi anatumia geji anamaliza dakika chache. Ganda likipasuka usoni mwako hutakumbuka hata kuuliza praima ilikuwa ya aina gani.

Hatua ya 2: geuza risasi, soma kitako

Chukua risasi moja mkononi, igeuze, mwanga uje kwa pembeni. Kwenye za Kisovieti utaona namba mbili zimegongwa kwenye chuma, juu namba ya kiwanda, chini mwaka. 17 ni Barnaul, 60 ni Frunze, 188 ni Novosibirsk. Kwa hiyo 188 juu na 76 chini ni Novosibirsk 1976, na ukiona pete ya rangi nyekundu au ya zambarau imezunguka praima ile ni laka ya kuzuia unyevu usiingie, haina uhusiano na ukorosivu. Ukisoma 10 mara nyingi ni Bulgaria, 21 ni Hungary, bxn ni Chekoslovakia.

Afu angalia ncha ya kichwa. Kwa mpangilio wa Kisovieti kwenye 7.62x54R, rangi ya fedha ni kichwa chepesi chenye kiini cha chuma laini, cha gramu 9.6 hivi. Njano ni kizito, gramu karibu 11.8. Kijani ni ya kuacha alama ya moto angani, na nyeusi yenye pete nyekundu ni ya kutoboa chuma na kuwasha moto. Hizo mbili za mwisho usizipeleke uwanja wa shabaha, zinaunguza nyasi, zinatoboa vibao vya chuma vya watu, na sehemu nyingi ni kosa kisheria.

Risasi zilizofunguliwa na kupakiwa upya kwenye mifuko ya plastiki soma moja moja. Muuzaji anaweza kuwa hana nia mbaya ila kachanganya mafungu matatu, kumi za juu ni za kiwanda kipya na zilizobaki za 1952. Na yale maneno ya "korosivu kidogo" yasikubabaishe, hakuna kitu hicho, chumvi ipo au haipo.

Hatua ya 3: achana na dalili za uongo

Hapa ndo watu wanapigwa sana kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sumaku. Mtu anaweka sumaku kwenye kichwa cha risasi ikinasa anasema korosivu. Sumaku inakuambia kuna chuma kwenye koti la kichwa au kwenye kiini, basi. Uwanja wa shabaha unaweza kukukatalia risasi hizo kwa sababu ya cheche na uharibifu wa vibao, hilo ni suala lingine, praima haionekani kwa sumaku.

Ganda la chuma. Kuna ganda la chuma lenye vanishi ya kijani linalotoka kiwandani leo na praima yake ni safi, na kuna ganda la shaba linalong'aa kama dhahabu lenye chumvi. Za Kiyugoslavia za 8mm za miaka ya 1950 ni za shaba nzuri mno, na ni korosivu.

Aina ya praima, Berdan au Boxer. Ukimulika tochi ndani ya ganda tupu, Berdan ina vitundu viwili vidogo na Boxer ina kimoja katikati. Ni kweli risasi nyingi za zamani za Ulaya Mashariki ni Berdan na ni korosivu, na za kisasa nyingi ni Boxer na ni safi, watu wakaunganisha wakafanya sheria. Sheria hiyo inavunjika pande zote mbili. GP11 ya Uswisi ni Berdan na siyo korosivu, na risasi za .30-06 za jeshi la Marekani za Vita vya Pili vya Dunia ni Boxer lakini ni korosivu.

Harufu na moshi navyo havikuambii kitu, hata usafi wa ganda baada ya kupiga.

Kinachokuambia ni vitu vitatu tu: kiwanda cha leo kimeandika wazi kwenye boksi na boksi limefungwa, au ni fungu la jeshi linalojulikana vizuri, au umelitest mwenyewe. Nje ya hapo hesabu ni korosivu, usijadiliane na nafsi yako.

Hatua ya 4: kaliba kwa kaliba

Njia rahisi kuliko zote ni kununua mpya. Kuna viwanda bado vinatengeneza kaliba hizi za babu zetu, Prvi Partizan ya Serbia (utaona PPU kwenye boksi) ndo mkombozi mkubwa, wanatengeneza 7.62x54R, .303, 8x57, 6.5 Carcano, 7.7 na 6.5 za Kijapani, 7.5 ya Kifaransa, 7.5 ya Uswisi, 8x56R, vitu ambavyo bila wao bunduki zingebaki mapambo ukutani. Sellier & Bellot ya Vlašim kule Cheki nao wana kaliba kadhaa, na wao ndo haohao wa alama ya bxn, kiwanda kimoja, zile za jeshi la zamani chumvi, hizi za sasa kwenye maboksi ya biashara safi. Kwa hiyo usitaje jina la kiwanda tu, taja na zama zake. Na hizi mpya za PPU na Sellier & Bellot nyingi ni za ganda la shaba na Boxer, ukipenda kujaza mwenyewe maganda yanatumika tena.

7.62x54R ya Mosin na SVT (bunduki nyingine ya Kisovieti): stoku yote ya jeshi la Kisovieti, Hungary, Bulgaria, Cheki, Romania, ihesabu korosivu kuanzia kopo la kwanza mpaka la mwisho, hata ya miaka ya 1980. Za biashara za Barnaul na Tula zenye ganda la chuma ni safi, ila huko Marekani uingizaji mpya wa risasi za Urusi ulizuiwa kuanzia Septemba 2021 na ndo maana wengi wamerudi kwenye makopo ya zamani.

7.62x39 ya SKS hali ni hiyohiyo, ya biashara safi, ya jeshi la Yugoslavia na nyingi za jeshi la China korosivu. Hapa kuwa mkali zaidi maana SKS ina pistoni ya gesi na chumvi inaingia humo, na SKS ya Yugoslavia M59/66 mtutu wake haukupakwa kromu ndani. Hata ile yenye kromu, kromu inalinda mtutu tu, bomba la gesi na pistoni na uso wa bolti viko uchi.

.303 ya Lee-Enfield. Za Uingereza za zamani zenye kodaiti, zile ukivuta kichwa unakuta nyuzi ndefu kama tambi badala ya punje za baruti, ni korosivu. Za Pakistan zenye POF ni korosivu na zina sifa mbaya ya kuchelewa kuwaka, unavuta kifyatulio, kimya, kisha pah. Za Ugiriki zenye alama HXP ni safi na ni nzuri, ukizikuta chukua.

8x57 ya Mauser: za Kituruki za miaka ya 1930 na 40, za Yugoslavia za 1950, za Romania za 1970 zenye ganda la chuma, zote korosivu. Za Kituruki pia zina nguvu kubwa na shingo za maganda zimezeeka zinapasuka, mimi siziweki kabisa kwenye bunduki ninayoipenda.

.30-06 ya Garand na Springfield ndo yenye mkanganyiko, kwa sababu Wamarekani walihama kiwanda kimoja kimoja mwanzoni mwa miaka ya 1950, hawakuhama siku moja. Za vita zote korosivu. Za katikati ya miaka ya 50 kwenda mbele kwa ujumla safi, isipokuwa kuna za mashindano zenye muhuri wa FA (kiwanda cha jeshi cha Frankford) za kipindi hichohicho zilizobaki na praima ya zamani kwa sababu ilikuwa inapiga shabaha vizuri. Za Korea Kusini zenye alama KA kitakoni ni korosivu, zenye PS ni safi. HXP ya .30-06 safi. Na Garand ina sharti lake lingine, fimbo inayosukuma bolti inaweza kupinda ukiilisha risasi za kuwindia zenye kichwa kizito na baruti inayoungua taratibu, tafuta boksi lililoandikwa wazi ni la M1 Garand au linalofuata kipimo cha M2, risasi ya kawaida ya jeshi la Marekani, chenye kichwa cha gramu 9.7 hivi.

.30 Carbine ya Marekani ni bahati njema, tangu mwanzo jeshi liliagiza praima isiyo korosivu kwa sababu pistoni yake ya gesi haikukusudiwa askari aifungue. Ila hiyo ni ya Marekani, za nchi nyingine usizipe msamaha huo.

7.5x55 GP11 ya K31, bunduki ya jeshi la Uswisi, ni safi na ina shabaha ya kutisha, hapa stoku ya jeshi inashinda hata za mpya.

Carcano 6.5 ya Italia, kidogo tu: mtutu wake unataka kichwa cha milimita 6.8 hivi, kipana kuliko 6.5 nyingine zote. Ukipata risasi mpya safi halafu bunduki inatawanya ovyo usiilaumu bunduki, angalia kipenyo cha kichwa kwanza.

Hatua ya 5: test ya misumari

Umepata fungu huna historia yake na unataka kujua. Test yake ni ya zamani na inafanya kazi. Unahitaji misumari mitatu ya chuma cha kawaida isiyo na zinki, nyundo maalum ya kung'olea vichwa vya risasi, na miwani ya usalama.

Isugue misumari kwa msasa mpaka ing'ae, ifute kwa spiriti itoke mafuta yote, kuanzia hapo usiishike kwa vidole, vidole vyenyewe vina chumvi. Ng'oa kichwa kwenye risasi mbili za fungu hilo, mwaga baruti yote, chungulia kuhakikisha ganda ni tupu kabisa. Ukiwa uwanja wa shabaha, hakikisha mtutu hauna kitu, weka ganda lenye praima peke yake, elekeza sehemu salama, mdomo wa bunduki uwe karibu kabisa na msumari uliowekwa chini kwenye udongo, piga. Utasikia mlio mdogo tu na msumari unapata vumbi la kijivu. Rudia na la pili kwenye msumari uleule. Msumari wa pili mfanyie hivyohivyo kwa risasi mpya ya boksi ambayo una uhakika nayo, ila kabla ya hapo osha mtutu kwa maji na uukaushe, la sivyo chumvi ya kwanza itaenda kuharibu ushahidi wa pili. Msumari wa tatu uache msafi.

Weka yote mitatu bafuni au sehemu yoyote yenye unyevu, isilowe maji. Siku mbili tatu zinatosha. Korosivu haikufichi, utakuta upande uliopigwa na praima umeota madoa ya kahawia yenye punje punje, wakati ule wa risasi mpya unafanana na ule msafi au umebadilika rangi kidogo tu. Ukiishi sehemu kavu sana ipe muda zaidi au uweke kwenye kontena lenye kitambaa kibichi pembeni, maana kloridi ya potasiamu inahitaji unyevu wa hewa wa juu kabla haijayeyuka kwa kujivutia maji. Hiyo nayo inaeleza kwa nini mtu wa sehemu kame anaapa risasi zake hazileti kutu, afu msimu wa mvua ukifika bunduki inabadilika rangi ikiwa kabatini.

Ukishamaliza usisahau bunduki yenyewe, imepigwa praima za chumvi, ioshe.

Hatua ya 6: kagua hali ya risasi yenyewe

Safi au korosivu, risasi ya miaka 60 inaweza kuwa imekufa. Ukungu wa kijani uliokula shaba, ufa kwenye shingo, kichwa kinachozunguka ukikishika kwa vidole, harufu kali ya uchachu ukifungua kopo, hizo weka pembeni usizipige. Ukivuta kifyatulio ikakaa kimya, shikilia mdomo wa bunduki uelekee kwenye shabaha hesabu taratibu mpaka dakika moja ndo ufungue bolti. Ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida simama hapohapo, toa bolti, angalia ndani ya mtutu kama kichwa kimekwama, ukipiga nyingine juu yake mtutu unapasuka.

Kwa SKS na Garand ongeza hili: pini zao zinacheza huru ndani ya bolti, bolti likijifunga pini inagusa praima kidogo. Praima za jeshi zilikuwa ngumu kwa ajili hiyo. Ukiweka risasi zenye praima laini, na ndani ya bolti kuna grisi ya zamani iliyoganda, inaweza kujipiga yenyewe. Fungua bolti la SKS ulisafishe mpaka ukilitikisa usikie pini inagonga mbele na nyuma, ndo uweke risasi.

Hatua ya 7: umeamua kupiga za korosivu, au huna uhakika

Siyo dhambi, bunduki hizi zilitengenezwa enzi za risasi hizo na askari walizitunza kwa maji tu. Dhambi ni kuchelewa. Siku hiyohiyo, kama inawezekana hapohapo uwanjani, pitisha maji. Yakiwa ya moto vizuri zaidi, siyo kwamba ya baridi hayayeyushi, ila ya moto yanapasha chuma na chuma kinajikausha chenyewe haraka. Kwenye Mosin toa bolti, weka faneli nyuma kwenye chemba (pale risasi inapokaa), mimina maji taratibu mpaka yanatoka safi mdomoni. Bolti lenyewe, hasa uso wake na ncha ya pini, lichovye na kulisugua. SKS na Garand fungua sehemu ya gesi yote, silinda, pistoni, vyote maji.

Dawa ya vioo yenye amonia inasifiwa sana na watu wanasema inaua chumvi. Kloridi ya potasiamu siyo asidi, hakuna cha kuuliwa hapo, kinachofanya kazi ndani ya ile chupa ni maji, kwa hiyo ukiwa nayo tumia na ukiwa huna hujakosa kitu. Ballistol, aina ya mafuta ya bunduki, ikichanganywa na maji nayo inafaa kwa sababu ina maji ndani na inaacha mafuta nyuma. WD-40 peke yake haiondoi chumvi.

Baada ya maji pitisha vitambaa vikavu mpaka kitoke kikavu kabisa, ndo sasa dawa ya kawaida ya masizi na brashi ya shaba, kisha mafuta mepesi. Ukianza na mafuta kabla ya maji unaifunikia chumvi blanketi.

Kesho yake pitisha kitambaa cheupe kikavu, kitoe ukiangalie kwenye mwanga. Kikitoka na kijivu cha mafuta ni sawa, paka tena uiweke. Kikitoka na mstari wa rangi ya kahawia iliyokolea kuna sehemu umeruka, mara nyingi ni mwanzo wa mifereji mbele kidogo ya chemba au sentimita chache za mwisho mdomoni, rudi kwenye maji uanze upya leo leo, usisubiri wikendi. Angalia tena siku ya tatu, na tena baada ya wiki, hasa kama hewa ina unyevu.